Daftari la Chakula cha Dada

Nilitoka Tanga na kiu, nikafika Mbeya na kiu, na njiani nilikunywa karibu kila kitu kilichokuwa majimaji.

Ilikuwa mwezi wa tano, masika yakikatika. Nilikuwa karani katika shamba la mkonge, mwaka wangu wa tatu pale, na miaka mitatu mahali pamoja kwangu mimi ni mingi. Kabla ya hapo nilikuwa Kilosa, na kabla ya Kilosa nilikuwa Mwanza. Kila mji niliupenda vizuri baada ya kuuacha. Dada yangu wa pekee, Da Mwanahawa, alikuwa ameolewa Mbeya na mtu wa kwetu pwani mwenye duka la vitambaa. Alikuwa ameniandikia barua tatu akiniita. Nikanunua viatu vipya vya ngozi ili nisimtie aibu mbele ya majirani, nikaanza safari.

Lori mpaka Morogoro, gari moshi mpaka Dodoma, kisha basi la kuelekea kusini. Kabla hatujafika mtoni Mtera nilikuwa nimemsimamisha dereva mara nne. Mara ya nne alizima injini kabisa, akageuka.

"Bwana karani, wewe umemeza mto?"

Abiria wakacheka. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa akirudi kwake Kalenga na kuku ndani ya kikapu. Yeye hakucheka.

"Mwacheni baba wa watu," alisema. "Tangu asubuhi anakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Mnataka hayo maji yaende wapi?"

Tulipolala Iringa, niliamka asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba ya wageni, mahali nilipokuwa nimejisaidia jioni. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mrefu mweusi kutoka ukutani mpaka pale pale. Nilisimama nikawatazama kwa muda. Mimi ni mtu wa kupenda kujua mambo, na nilijiuliza ni kitu gani kizuri walichokiona. Nikadhani mtu alitupa muwa. Kisha basi likapiga honi.

Hayo nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi anakunywa mtungi mzima akidhani ni joto. Mimi nilidhani ni vumbi la barabara. Kama sisimizi wanakufuata, usifanye kama mimi. Nenda ukapimwe.

Basi liliingia Uyole jioni, mahali njia ya Tukuyu inapoachana na ile ya mjini, na baridi ikanipiga usoni kama kitambaa kilicholoweshwa. Mjini, dada yangu alikuwa akinisubiri mbele ya duka lao. Alinipita kwa macho mara mbili kabla hajanijua. Kisha akashika koti langu, akalivuta.

"Salehe? Nguo zimefika, mdogo wangu. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Kwa kweli suruali niliyoshonewa Tanga miezi sita nyuma ilikuwa imefungwa kwa kamba. Da Mwanahawa alilia kidogo, akaingia jikoni, na kwa miezi miwili hakutoka huko ila kwa sala. Machoni pake ugonjwa ulikuwa mmoja tu, nao ni kukonda, na dawa yake aliijua. Alfajiri uji wa mchele na sukari. Saa tatu chai ya maziwa na kaimati, zile za kwetu, zikiwa bado moto, zikidondosha shira ya sukari. Adhuhuri wali wa mchele wa Usangu. Alasiri tende, ndizi mbivu kutoka Tukuyu, na kama lori la pwani limeleta nazi, vitumbua. Nilikula vyote. Nilikuwa na njaa ambayo haikuwa na sakafu. Na kadiri nilivyokula ndivyo nilivyozidi kukonda, na kadiri nilivyokonda ndivyo alivyozidi kupika.

Mwezi wa saba Mbeya si mahali pa mtu wa pwani. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda, na ukungu unashuka kutoka mlima Loleza mpaka mlangoni. Miguu yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi, nami nikaona ni baridi. Kila baada ya chakula cha mchana nilivuta kiti karibu na jiko la mkaa, nikainyoosha miguu, nikafumba macho nikiwaza jua la Tanga.

Siku moja dada aliingia kutoka uani akanusa.

"Salehe, umeweka nyama jikoni?"

"Sijaweka kitu."

Akatazama chini, akapiga kelele. Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kilikuwa kimegusa chuma cha jiko, na ngozi ilikuwa inaungua polepole. Mimi nilikuwa nimekaa, nimetulia. Sikusikia maumivu yoyote. Naomba msomaji aelewe kwamba hilo ndilo lililonitisha kuliko yote yaliyofuata: kutazama mwili wangu unaungua kama vile unaungua mguu wa mtu mwingine.

Viatu vyangu vipya vikamaliza kazi iliyoanzwa na jiko. Kidonda kikapanuka, kikageuka rangi, kikaanza kutoa harufu. Mganga wa zahanati alikifunga wiki tatu, kisha akasema kwamba hawezi zaidi. Shemeji yangu, mtu mpole asiyesema sana, akafunga duka siku nzima akanipeleka kwa lori mpaka hospitali ya misheni upande wa Iringa, ambako walisema yuko daktari anayejua mambo ya namna ile.

Chumba cha kungojea kilikuwa kibaraza kirefu chenye mabenchi matatu. Wagonjwa walisogea benchi hadi benchi, na kila anayefika aliwaambia wote "Kamwene," na wote walimwitikia, hata aliyekuwa akitapika. Nilikaa pale kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Nilijifunza kwamba benchi la kwanza watu wanazungumza, la pili wananong'ona, na la tatu, lililo karibu na mlango, hakuna anayesema neno.

Aliyenipokea alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, Bwana Kikoti, mtu wa Kalenga, mfupi, mwenye kalamu mbili sikioni. Alinipa kikombe, akanionyesha choo. Niliporudi alimimina maji ya dawa ya rangi ya buluu katika bomba dogo la kioo, akatia matone yangu manane, akalishika kwa kibanio juu ya taa ya spiriti.

"Tazama vizuri," alisema. "Hii haiogopi mkubwa wala mdogo."

Ile buluu ilichemka. Ikawa kijani. Kabla sijaifurahia ikawa manjano, ikawa rangi ya chungwa, na mwisho ikatulia ikiwa nyekundu nzito kama tofali lililochomwa.

"Ni nini?" nikauliza.

"Sukari, bwana. Damu yako imejaa mpaka inamwaga nje. Sisimizi wanakupenda, sivyo?"

Nilimwuliza amejuaje. Alicheka, lakini si kwa ubaya.

Walikata vidole viwili, gumba na jirani yake. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba nilipoamka nilikuwa na kiu ya kawaida, na kwamba Sista Agata, mtawa wa Kizungu aliyesimamia wodi, alikuwa ameketi karibu nami akishona soksi. Soksi ile ilikuwa yangu. Alikuwa ameijaza pamba mahali vidole vilipokuwa, ili mguu usiteleze ndani ya kiatu.

Siku ya pili alikuja tena na sindano ya insulini, ile dawa ya kushusha sukari. Nilimwuliza swali ambalo dada yangu alikuwa amenituma niulize kwa kila dawa, kwa kuogopa nguruwe: dawa hii inatoka kwa mnyama gani? Sista hakukasirika. Aliigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi madogo, akasema, "Hii ya ng'ombe. Mwambie dada yako nimesoma mara mbili."

Nilikaa pale mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nilifundishwa kuchemsha sindano, kujidunga pajani, kutazama miguu yangu kila siku kama mtu anayekagua miguu ya farasi. Tena nilipewa daftari. Bwana Kikoti alichora mistari: upande mmoja chakula na kiasi chake, upande wa pili rangi ya bomba kabla ya mlo unaofuata.

Hapo ndipo maradhi yaliponishika kwa namna nyingine. Nilianza kuyapenda kama mtu anavyopenda fumbo. Nilipokula ugali wa ukubwa wa ngumi na maharage, rangi ilikuwa kijani. Ugali ule ule ukiwa ngumi mbili, manjano. Viazi mviringo vinne, manjano. Viwili na mboga za maboga, kijani. Siku moja, baada ya kutembea uani kwa magongo kutwa nzima, bomba lilibaki buluu tupu. Nililipeleka wodini kuwaonyesha wenzangu kama mtu aliyevua samaki. Mzee mmoja aliyelala kitanda cha dirishani alifunika uso na blanketi.

"Huyu mtu anatuonyesha mkojo wake," alisema, "na bado anataka tumpongeze."

Daktari alikitazama kidonda kabla ya kuniruhusu. Kilikuwa hakijafunga. Alizungumza na Sista, na Sista akanitafsiria bila kuzunguka.

"Anasema ukitunza rangi iwe kijani, kidonda kitafunga. Rangi ikirudi nyekundu, usaha utapanda, naye atakata hapa." Akagusa chini ya goti langu. "Utakuja kila mwezi. Mpaka mvua zikianza tutajua."

Kuna watu ambao wakikatwa mguu wanabaki na nyumba, na shamba, na watoto wa kuwaletea maji. Mimi mali yangu yote ilikuwa ni kuweza kuondoka. Nilirudi Mbeya nikiwa nimebeba bomba, taa ya spiriti, chupa ya maji ya buluu, na daftari, na niliyabeba kama mayai.

Wiki ya kwanza kwa dada, rangi ilikuwa ya chungwa. Wiki ya pili, tofali. Sikuelewa. Nilijidunga kama nilivyofundishwa. Niliiweka dawa kwenye chungu cha maji kilichozikwa kivulini. Niliandika kila siku. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja nikapanda basi kurudi hospitali, nikakaa benchi la kwanza, la pili, la tatu, nikamkabidhi Bwana Kikoti daftari langu mbele ya watu.

Akasoma. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine.

"Jumatatu: 'Nimekula kwa dada, alhamdulillahi.' Jumanne: 'Nimekula kwa dada, alhamdulillahi.' Jumatano..." Akainua macho. "Bwana, hii ni mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Sasa hii alhamdulillahi ni vijiko vingapi? Ya kuchemsha ama ya kukaanga?"

Mabenchi yote yakacheka, hata lile la tatu. Mimi nilihisi uso unawaka. Nilimweleza kwamba kwetu mtu hataji alicholishwa. Ukitoka kwenye nyumba ya watu unasema umekula, umeshiba, Mungu awazidishie. Ukisema ulipewa vipande vingapi, umewatukana. Ama walikupa kidogo, ama wewe ulikuwa ukiwahesabia. Hospitalini niliandika kila tonge kwa sababu chakula cha hospitali hakikuwa cha mtu. Kwa dada yangu mkono ulikataa wenyewe. Na sikujua kama umekataa. Kalamu iliandika neno la adabu nami nikaona nimeandika.

Bwana Kikoti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata sisi Kalenga," alisema, "mtu akirudi kwa wakwe zake akataja nyama alizokula, tunamwona mlafi. Akizihesabu, tunamwona mchawi. Mimi nimekuelewa kabisa, bwana. Lakini hii kidonda haijakuelewa."

Alifungua bandeji. Sista Agata alipokuja kutazama, alikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa wa benchi la tatu. Daktari akanipa mwezi mmoja.

Nilirudi nimeamua. Asubuhi ya kwanza niliketi mkekani, dada akaniwekea sahani, nami nikafungua daftari nikaanza kuandika huku nikila. Da Mwanahawa alisimama na birika mkononi.

"Unaandika nini?"

"Ninachokula."

"Hapa kwangu?"

"Wamenitaka, Da Mwanahawa. Ni kwa ajili ya mguu."

Aliweka birika chini taratibu sana. Nilimjua tangu utoto: akiweka kitu taratibu, jiandae.

"Mama yetu alipokufa nilikulisha kwa mkono huu," alisema. "Sikukuhesabia. Leo mtoto wa mama yangu ananihesabia tonge, anaziandika, anapeleka kwa Wahehe wakasome! Ungesema tu kwamba chakula changu ni sumu. Ningekusikia."

Siku tatu hakusema nami. Sahani ililetwa na shemeji, ikiwa imejaa kuliko kawaida, kama vile alikuwa akinijibu kwa kijiko. Mimi niliandika kwa kujificha nyuma ya nyumba, nikila kilichokuwemo kwa kuwa sikuthubutu kurudisha sahani yenye mabaki. Bomba lilikuwa tofali asubuhi, tofali jioni. Kidonda kilianza tena kunuka, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kukisikia.

Siku ya tatu nilimsikia shemeji akisema naye barazani.

"Mwanahawa, mimi napima kitambaa mbele ya mteja kila siku. Hakuna aliyewahi kusema namtukana."

"Wewe unauza," alijibu. "Mimi siuzi."

Shemeji akashusha sauti, "Nimeuona ule mguu leo alipoosha. Wewe umeuona?"

Da Mwanahawa alinikuta uani. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akanyoosha mkono kuelekea daftari.

"Nisomee. Sijui hizo herufi zenu."

Yeye alikwenda chuoni kusoma Kurani, si shule. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilifungua ukurasa wa jana. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma mashitaka.

"Uji wa mchele bakuli moja, sukari vijiko vitano. Chai ya maziwa vikombe viwili, sukari vijiko vinne kila kikombe. Kaimati saba. Wali sahani moja. Tende sita..."

"Nane," alisema.

"Niliandika sita."

"Umekosea. Nilikutilia nane. Na wali haukuwa sahani moja, nilikupakulia pawa tatu." Alikuwa akitazama mikono yake. "Unadhani napika nimefumba macho? Ninajua kila punje inayotoka jikoni kwangu. Wewe ndiye usiyejua kuhesabu."

Kisha akasema, "Nionyeshe hicho kioo chako."

Kabla ya siku hiyo alikuwa amekataa kukiona, na alikuwa amenikataza nisikiingize jikoni. Nikawasha taa ya spiriti pale pale uani. Akainama, kanga imefunika pua, akatazama buluu ikichemka, ikipita kijani, ikipita manjano. Ilipofika tofali alirudi nyuma kidogo.

"Rangi hii ndiyo inayokula mguu wako?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na mwenye kuitia ni mimi."

Nilitaka kusema hapana, lakini nilikuwa nimechoka kuandika maneno ya adabu. Alichukua daftari, akaligeuza akaanza kwa nyuma, mahali ambapo kwa mwandiko wake ndiyo mbele, akaomba kalamu.

"Wewe usiandike," alisema. "Mgeni haandiki. Mwenye nyumba ataandika mwenyewe alichotoa."

Asubuhi iliyofuata niliamka bila harufu ya kaimati. Palikuwa na yai, maharage, na kipande cha mkate wa ulezi, na chai isiyo na sukari ambayo niliinywa kama adhabu. Yeye alikaa mbele yangu akiandika, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa chuo. Saa sita akasema, "Haya, chemsha."

Manjano.

"Bado," alisema, na nikaona jicho lake limebadilika. Lilikuwa jicho langu mimi, lile lililotazama sisimizi Iringa.

Tangu siku hiyo sikuwa na dada; nilikuwa na mpelelezi. Alijaribu ndizi mbichi za Tukuyu zilizopikwa na nyama, tatu, kisha mbili. Alijaribu viazi kwa ganda na bila ganda. Aligundua kwamba pawa moja ya wali, nikila pamoja na njegere nyingi, haikunidhuru kama alivyoogopa, akashangilia, maana kuninyima wali kabisa kungemuumiza yeye. Kwa rangi hakutumia maneno ya hospitali. Aliandika "jani la mgomba," "jani changa," "manjano," na siku mbaya aliandika tu "jiko."

Siku moja nilikwenda Uyole kumwona mtu, na muwa wa pale ni mzuri. Niliporudi nilichemsha nikimficha rangi kwa kiganja.

"Toa mkono," alisema. Akatazama. "Pingili ngapi?"

"Pingili gani?"

"Salehe. Kioo kimekwisha kusema. Mimi nauliza idadi tu, niandike."

"Mbili."

"Na kipande," alisema shemeji kutoka dukani. "Mdomo wake umechubuka."

Aliandika mbili na kipande. Hakunigombeza. Hilo nalo nawaambia wenye wagonjwa nyumbani: andikeni, msigombe. Kilichoandikwa kinatosha.

Mvua za kwanza zilinikuta njiani kwenda Iringa. Barabara ilikuwa tope, tukasukuma basi, nami nikakatazwa na abiria wote nisishuke, kwa sababu dada alikuwa amewaambia pale stendi, mmoja mmoja. Kandokando ya njia mianzi ilikuwa imeanza kugemwa, na watu walikuwa wakinywa ulanzi mpya, ule mtamu. Dirishani walininyooshea kikombe. Nilikinusa, nikakirudisha. Sikuwa na ujasiri. Nilikuwa nikimwogopa mwandishi wangu.

Bwana Kikoti alilishika daftari juu chini.

"Hii inaanzia wapi?"

"Kulia. Ni mkono wa dada yangu."

"Dada yako ndiye ameandika? Yeye mwenyewe?" Alitikisa kichwa. "Soma, bwana. Soma yote, mimi nasikiliza."

Nilisoma wiki nne. Benchi la kwanza lilinyamaza kusikiliza, na mama mmoja akauliza hizo njegere zinapikwaje. Nilipomaliza, Sista Agata alifungua bandeji. Alikuwa na mazoea ya kufungua haraka. Safari hii alifungua polepole. Chini yake ngozi mpya ilikuwa ya waridi, nyembamba kama ganda la ndani la yai, na imefunga kutoka pembe zote nne isipokuwa nukta moja ndogo katikati.

Daktari akaja, akabonyeza goti, akabonyeza kifundo, akasema maneno mawili kwa lugha yao.

"Anasema uende nao," Sista alitafsiri. "Mguu. Uende nao nyumbani."

Nilikaa Mbeya mpaka kipupwe kikarudi. Nilisaidia dukani, nikajifunza kuvumilia ukungu. Nukta ile ilifunga. Nilitembea kwanza mpaka sokoni, kisha mpaka chini ya mlima, nikiwa na kiatu cha raba na soksi ya Sista. Lakini mwezi wa tano ulipofika nilianza kusimama mlangoni kutazama mabasi, na Da Mwanahawa akaniona. Palikuwa na kazi ya ukarani Tabora, na hospitali yenye dawa yangu. Nilimwambia wakati akichagua maharage. Aliendelea kuchagua.

"Nilijua tangu ulipoanza kuisifu Tanga," alisema. "Sasa utaanza kuisifu Mbeya."

Ilikuwa kweli. Leo hii, nikiwa mbali, baridi ile inanijia ghafla na naitamani.

Siku ya kuondoka alinisindikiza stendi. Hatukulia, tulikuwa tumezoea kuagana. Alinipa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha dukani, na daftari jipya.

"Usifungue kabla ya Uyole," alisema. "Na miguu?"

"Nimeitazama asubuhi."

"Yote miwili?"

"Yote miwili, Da Mwanahawa."

Basi lilipopita Uyole nilifungua daftari. Ukurasa wa kwanza, kutoka kulia, alikuwa ameandika kila kilichokuwemo kwenye kifurushi, kwa kiasi chake, kama mtu anayekabidhi ofisi: mayai matatu ya kuchemsha, maharage kikombe kimoja, mkate wa ulezi vipande viwili, ndizi mbichi za kuchoma mbili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi, palikuwa na mstari wa mwisho, nami nikafungua ukunjo mdogo wa jani la mgomba uliokuwa ndani ya kifurushi kabla sijamaliza kuusoma mstari wenyewe.

"Kaimati moja. Nimeihesabu, ni moja tu. Kula, kisha uchemshe, uniandikie rangi."